Gita la Ukutani

Siku hizi kuna soko la matangazo ya zamani. Mtu anakata ukurasa mmoja wa jarida la gita la mwaka 1965, anautia kwenye karatasi ya plastiki, anauuza peke yake. Mwingine aliye nchi ya mbali anaununua, anautia kwenye fremu, anautundika sebuleni. Wengi wa wanunuzi hao ni wazee wa Marekani na Uingereza. Wanalilia gita walilokuwa nalo ujanani wakaliuza, au lile walilolitamani dirishani mwa duka wakalikosa, kisha wakalipata wakiwa na mvi.

Mimi pia nina hamu hiyo. Niwekee mbele tangazo la Fender la miaka ya sitini na sitasikia unachoniambia kwa dakika kadhaa. Lakini mimi nimekulia Bomet, enzi ambazo Bomet ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kericho, na dirisha la duka la gita sikuwahi kulipita. Kurasa ninazozikumbuka hazikuwa hata ndani ya jarida. Zilikuwa ukutani, zimebandikwa kwa uji wa unga wa ngano ili kuzuia baridi.

Aliyelala nchi ya majani chai mwezi wa saba anaijua baridi hiyo. Ukungu unaingia kupitia nyufa za mbao kama mgeni asiyebisha hodi. Kwa hivyo nyumba nyingi zilivalishwa magazeti. Wengine wetu tulijifunza kusoma kwenye kuta hizo, shingo imepinda, kwa sababu aliyebandika hakujali kama ukurasa umesimama au umelala. Nyumba nyingi zilikuwa na Taifa Leo na picha za wanasiasa. Nyumba ya mjomba wangu, katika kambi ya wafanyakazi upande wa Kericho, ilikuwa na magita.

Kwa Kipsigis ndugu wa kiume wa mama yako humwita mama vilevile. Hapa nitamwita mjomba, msomaji asije akachanganyikiwa. Alianza kazi kwa kuchuma majani, kikapu mgongoni, kisha akahamishiwa bustani ya meneja, Mwingereza mmoja aliyekuwa na kijana wa kiume. Familia hiyo ilipofungasha kurudi kwao, vitu vya stoo vilitolewa nje vichomwe, na miongoni mwavyo mlikuwa na masanduku mawili ya magazeti ya muziki: Melody Maker na Beat Instrumental ya London, na majarida machache ya Kimarekani. Mjomba aliomba. Akaambiwa chukua. Akayabeba kichwani mpaka kambini, na jioni hiyo akapika uji wa kubandikia.

Hakubandika ovyo. Habari zilikwenda nyuma ya kabati na juu karibu na dari. Matangazo yaliwekwa mbele, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kitini. Kulikuwa na tangazo la amplifaya za Vox likiwa na picha ya Beatles. Kulikuwa na Höfner za Kijerumani zilizochongwa mfano wa fidla. Na kulikuwa na yale ya Fender ambayo hata leo watu hao wa fremu huyagombania. Matangazo hayo yalikuwa na mchezo mmoja: kila mara mtu ameshika gita mahali ambapo gita halina kazi. Mmoja yuko juu ya ubao katikati ya mawimbi. Mwingine ameruka na parachuti, gita mkononi. Maneno ya chini yalisema kwamba wewe pia ukilipata lako hutakubali kuachana nalo.

Mjomba hakusoma Kiingereza. Alinionyesha yule wa mawimbini, akaniambia, "Wewe kijana, hebu kuja uone hii. Unaona huyu? Hata baharini hawezi kuacha. Ati maji yote hayo, na bado ameshika."

Miaka mingi baadaye, nilipoweza kuyasoma maneno yale, niligundua kwamba alikuwa amelitafsiri tangazo zima bila kujua neno hata moja.

Kwake kurasa zile zilikuwa ramani. Alitaka gita, na gita alijua ataliunda mwenyewe. Mwili ukawa debe la mafuta ya kupikia. Shingo akaichonga kwa mti wa mkabakaba. Nyuzi zikawa waya za breki za baiskeli zilizosukuliwa uzi mmoja mmoja, na ile nyembamba zaidi ikawa mshipi wa kuvulia samaki. Hayo yote vijana wengi wa Kenya waliyafanya, na si jambo la ajabu. Tofauti ni kwamba mjomba alikuwa na picha. Alihesabu funguo za kukazia nyuzi: Fender ina sita upande mmoja, nyingine zina tatu huku na tatu kule. Alilifikiria jambo hilo wiki nzima, akachagua sita upande mmoja, kwa sababu, alisema, ukikaza gizani mkono haupotei. Alihesabu vyuma vilivyopigwa kwenye shingo. Aliona vitone vyeupe kwenye nafasi ya tatu, ya tano, ya saba na ya tisa, kisha viwili pamoja kwenye ya kumi na mbili, akavichora vyake kwa rangi ya kucha ya mke wake.

Nafasi kati ya chuma na chuma alizipima kwa njiti ya kiberiti, moja kwa moja kutoka ukutani, akazizidisha.

Hapo ndipo penye kisa. Gita halisi lina hesabu yake: vyuma vinakaribiana kadiri unavyoelekea kwenye mwili. Lakini gita la tangazo lile lilipigwa picha kwa mshazari, kichwa kimeelekea mbali na kamera, na kitu kilicho mbali huonekana kimebanwa. Kwa hivyo pichani nafasi zote zilikaribia kulingana. Mjomba alinakili kila kitu kwa uaminifu, pamoja na pembe aliyosimama mpiga picha huko Marekani. Gita likatoka zuri wa kutazamwa, ila kila ukipanda shingo sauti zinazidi kwenda kombo. Alipotambua hakulibomoa. Aliacha tu kupanda. Akabaki kwenye vyuma vinne vya mwanzo, akatafuta humohumo kila alichokitaka, huku kidole gumba kikipiga besi mfululizo. Watu wa kambi walisema ana mtindo wake. Walikuwa sahihi, na mtindo huo ulitokana na tangazo.

Nilipoanza kusoma historia ya muziki wa kwetu niliona kwamba jambo hili lilikuwa na wazee wake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akawarekodi vijana na wasichana wakiimba kwa kinubi chetu kiitwacho chepkong. Wimbo mmoja ulimhusu mtu anayeitwa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, likiwa limepita kwenye koo za Kipsigis. Santuri zake zilikuwa zimefika huku na gramafoni. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu tangu mwaka 1933. Tracey aliandika kwamba kwa wasichana wale Chemirocha alikuwa nusu mtu, nusu swala.

Wageni wengi husimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi naona mambo mawili ndani yake. La kwanza, Rodgers mwenyewe alikuwa mtu wa matangazo. Ni miongoni mwa wapiga gita wa mwanzo kabisa kuwa na gita la dukani lenye jina lao, lililotengenezwa na kampuni ya Weymann. Gita lake la Martin la mwaka 1928 lilikuwa na jina lake shingoni, na mgongoni neno la kushukuru lililoandikwa juu chini, ili akiligeuza mbele ya watu walisome. Nchini mwake sura na gita lilikuwa kitu kimoja. Huku ilifika sauti peke yake, na wasioiona sura wakaiumba. Mjomba alipata kinyume chake, picha isiyo na sauti, naye akaiumba sauti. Kila mmoja alipewa nusu.

La pili, mwaka 2015 rekodi ile ilirudishwa kwa watu wa kwao, na wazee waliokuwa vijana siku ile wakasikia sauti zao. Miaka 65 ilikuwa imepita.

Katika utoto wangu, tangazo la gita lilikuwa kitu cha ugenini. Huku mambo yalikwenda kinyume: gita ndilo lililotumwa kutangaza vitu vingine. Mwenda Jean Bosco, fundi wa gita kutoka Katanga, alipokuja Nairobi mwishoni mwa miaka ya hamsini alisikika redioni, na vidole vyake vikatumika kutangaza Aspro, dawa ya maumivu ya kichwa. Wazee waliojifunza kupiga kwa kumsikiliza walipata darasa la bure, dawa ikitangazwa. Kericho yenyewe ilikuwa na duka na studio ya Chandarana, iliyorekodi bendi za benga na kutoa santuri zao. Kwa hivyo muziki ulikuwapo, tena karibu. Gita lenyewe, lile lililokazwa kiwandani, ndilo lililobaki ng'ambo ya karatasi.

Mjomba aliamua kuvuka. Alianza kuweka akiba kwenye mkebe wa majani chai, na kila mwisho wa mwezi, tukiwa likizoni kwake, alituhesabia kwa sauti. Hakutaka Fender. Alitaka gita lolote la dukani, la mbao, lisilodanganya kwenye chuma cha tano. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili kufika shilingi elfu moja na mia kadhaa. Hiyo ilikuwa mwisho wa 1987. Matokeo yangu ya KCPE yakatoka, barua ya kuitwa Form One ikaja, na baba yangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili tayari kwa ajili ya dada zangu.

Hakuna aliyemwomba. Alikuja Bomet siku ya Jumapili, akanywa mursik, akazungumza na baba habari za mvua. Alipoinuka kwenda, aliacha mkebe juu ya meza. Mama akamwita mlangoni, "Na hii?" Akajibu, "Si ni ya kijana." Akaenda zake kukimbilia gari.

Nimesoma kwa fedha hizo. Nimejua Kiingereza cha kusoma matangazo yale kwa fedha hizo. Nikiyatamani leo, natamani kwa macho yaliyolipiwa na mtu ambaye kwake kurasa zile hazikuwa kumbukumbu ya kitu. Zilikuwa kazi iliyobaki kufanywa. Ndiyo sababu siwezi kuwa na hamu ile nyepesi ya watu wa fremu, ingawa siwacheki. Wao wanakumbuka walichotamani. Mimi nakumbuka alichotamani mtu mwingine, na najua kilikwenda wapi.

Nilipopata kazi Nairobi nilimnunulia gita. Lilikuwa jipya, la mbao, na kila noti mahali pake. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa miaka ya majani na jembe. Akaliweka pajani, akapiga nyimbo zake zote ndani ya vyuma vinne, hakupanda hata mara moja. Nikamwambia, "Mjomba, hili halina shida, panda." Akacheka. "Najua liko sawa. Mimi ndiye sijui kule juu kuna nini." Akaendelea kulipiga hivyo mpaka kifo chake, na sasa linapigwa na kwaya ya vijana wa kanisa lao, wanaopanda mpaka mwisho.

Kambini mambo yamebadilika. Mashine za kuchuma majani zimeingia na watu wamepungua. Mwaka 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto Kericho, na kila mtu unayekutana naye ana lake la kusema. Nyumba nyingi zimefungwa, nyingine zimepakwa chokaa. Kabla ya nyumba ya mjomba kupakwa, binamu yangu alibandua ukurasa mmoja akanipa. Ni yule wa mawimbini. Amekatika mguu mmoja pamoja na kipande cha ubao, na moshi wa kuni umemtia weusi wa uso. Mgongoni uji umekauka na kushika vipande vya Taifa Leo.

Mtu wa soko aliyeuona aliniambia hauna thamani, kwa sababu umebanduliwa vibaya na una matundu. Matundu hayo ni madogo, yako kwenye mstari kandokando ya shingo ya gita, moja kwa kila chuma. Hapo ndipo mjomba alipokuwa akichomeka sindano ili njiti isiteleze akipima.