Tundu Lililofunikwa Si Tundu Lililozibwa



Msikiti wetu hapa Tanga unamiliki gari kuukuu la malazi, lenye vitanda na jiko ndani yake, tulilouziwa na mtalii aliyemaliza safari zake. Tunalitumia katika daawa vijijini, upande wa Handeni na Pangani. Walimu hulala humo, na misahafu ya wanafunzi huhifadhiwa humo.

Paa lake lina matundu mawili ya hewa, kila moja sentimita 40 kwa 40. Moja lilikuwa la feni iliyokwisha kuungua. La pili lilikuwa juu ya choo tulichokwisha kukiondoa. Hayakuwa na kazi tena, na vifuniko vyake vya plastiki vilikuwa vimepasuka kwa jua. Kamati ikanikabidhi mimi, katibu wake, kuyaziba. Nilipanda ngazi, nikapaka silikoni juu ya silikoni ya zamani, nikabandika utepe, nikashuka. Jioni nikaandika katika taarifa: "Matundu yamezibwa."

Masika yakaingia. Siku moja mwalimu alifungua kabati lililo mbali na matundu yale, akakuta misahafu 12 imelowa, kurasa zimegandana. Nilijitetea kwamba maji yameingia kwa dirishani.

Tukamwita fundi mzee wa bodi za magari. Alipanda, akabonyeza paa kwa kidole, akatikisa kichwa. "Ustadh," akaniambia, "maji hayadondoki pale yalipoingilia. Hutambaa juu ya dari, hufuata mbao, yakaanguka yanapopata upenyo. Na silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu. Wewe hukuziba, ulifunika."

Tukaanza upya. Tuling'oa vifuniko na fremu zake, tukakwangua gundi yote, tukasafisha kwa spiriti. Mbao zilizooza tukazikata, tukaweka mpya kuzunguka tundu ili kiraka kisibonyee. Kisha tukakata bati la alumini linalozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, tukatandaza chini yake utepe laini wa butili, tukalikaza kwa skrubu zisizoshika kutu. Kingo zote na kila kichwa cha skrubu vikapakwa gundi ya paa. Kwa ndani tukajaza sponji ya kuzuia joto, tukafunika kwa plaiwudi. Gundi ilipokauka, fundi alimwagia maji kwa mpira nusu saa nzima, nami nimekaa ndani nikitazama dari. Halikudondoka hata tone.

Kikao kilichofuata nilisimama mbele ya wajumbe nikaeleza ukweli, nikaomba taarifa ile isahihishwe, na gharama ya misahafu itoke mfukoni mwangu. Mwenyekiti alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Katibu, sisi wazee hatupandi ngazi. Kalamu yako ndiyo macho yetu."

Maneno hayo yameniuma kuliko hasara. Miaka niliyokaa chuoni nilisoma milango mingi ya amana, lakini sikudhani kuwa mmoja wake uko juu ya paa la gari.

Nanyi mnaosimamia mali za waqfu, kabla hamjaandika "imezibwa", mwagieni maji kwanza, na mmoja wenu akae ndani atazame.

Allah atusamehe tuliyoyafunika, na atuwezeshe kuyaziba. Amin.