Nilizaliwa Nacho, Hakuna Aliyekituma

Nilizaliwa Awendo, kaunti ya Migori, nikaolewa Homa Bay, ambako nauza omena sokoni. Nilipougua, kila upande ulikuwa na mshtakiwa wake. Kwetu walisema nimerogwa ukweni. Ukweni wakasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, nimekuja nayo kutoka kwetu.

Dalili zenyewe zilichochea maneno. Hedhi ilikatika. Maziwa yakaanza kunitoka ilhali kitinda mimba wangu yuko darasa la nne. Wapo waliosema kuna mimba niliyoitoa kisiri. Kichwa nacho kiliuma nyuma ya macho. Huku ziwani malaria haitoki, kwa hiyo kila nilipolalamika kichwa nilipimwa malaria, nikapewa dawa za maumivu, nikarudi sokoni. Halafu nikawa sioni wateja wa pembeni. Mtu anasimama ubavuni na noti mkononi, mimi nimeinamia gorogoro, hadi aniguse bega.

Macho ndiyo yaliyofichua siri. Kwenye kliniki ya macho daktari alikaa mbele yangu akasema, "Mama, tazama pua yangu tu," kisha akachezesha vidole kutoka pembeni kuja katikati. Sikuviona, kushoto wala kulia, mpaka vilipokaribia uso wake. Akanieleza kuwa neva za macho hupishana chini ya ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari, ambayo haizidi punje ya njegere. Kitu kikivimba hapo, uoni wa pembeni ndio hufifia kwanza. Vipimo vya damu vikaonyesha prolaktini, homoni ya maziwa, imepanda mno. Picha ya MRI niliyopigwa Kisumu ikaonyesha vitu viwili: uvimbe usio saratani kwenye tezi, na kando yake kifuko cha majimaji.

Mbona viwili? Daktari alichukua kalamu akachora. Mimba ikiwa na wiki kama 4, paa la kinywa cha mtoto hujikunja kwenda juu kuufuata ubongo. Mkunjo huo, ambao Mjerumani Martin Rathke aliueleza mwaka 1838, ndio unaozaa sehemu ya mbele ya tezi. Uwazi uliomo kwa kawaida huziba. Usipoziba, hubaki kifuko. Uvimbe humea baadaye, kwenye chembe za tezi hiyo hiyo. Ndiyo maana wataalamu hushuku kwamba viwili hivi ni vya ukoo mmoja, ingawa pengine vimekutana kwa bahati tu.

Mama yangu alikuwa nami. Akauliza, "Daktari, nilikula nini nikiwa na mimba yake?"

"Hukukosea chochote, mama. Wakati huo wengi hata hawajajua kama wana mimba."

Mama alilibeba jibu hilo mpaka Homa Bay, akamweleza mama mkwe wangu neno kwa neno, na mchoro akamwonyesha. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja tena mchawi wala chira. Nauli iliyokuwa ikienda kwa waganga ikaanza kwenda hospitalini.

Nilianzishiwa vidonge vya kabegolini, mara mbili kwa wiki. Maziwa yakakauka, hedhi ikarudi, uvimbe ukasinyaa. Kifuko hakikushtuka, kwa sababu dawa hiyo hulenga chembe zinazotengeneza prolaktini, nacho ndani kina majimaji tu. Kwa kuwa kiliendelea kubana neva, nilipelekwa Nairobi, madaktari wakapitia puani wakakitoboa na kuyatoa majimaji, bila kufungua fuvu.

Leo namwona mteja kabla hajaniita. Bado napigwa picha kila mwaka, kwani kifuko huweza kujaa tena. Nanyi akina mama, hedhi ikikatika bila mimba, maziwa yakitoka bila mtoto, au ukianza kugonga vitu vya pembeni, mwombe daktari akupime prolaktini na macho. Ukianza na kumtafuta aliyekutumia ugonjwa, neva za macho hazitakusubiri.