Mji Hujulikana kwa Miguu

Mji una milango mingi, na mmoja katika milango hiyo ni masikio. Mgeni afikapo mahali asipopajua, kabla hajatua mzigo wake, watu humwambia kuwa mtaa huu ni mwema na ule ni mbaya. Huku wanakaa waungwana na kule wanakaa wezi. Maneno hayo hutolewa bila ya malipo, na kitu kisicholipiwa aghalabu hakichunguzwi. Mlango wa pili ni miguu. Huo ni mzito kufunguka, kwa kuwa hudai jasho na muda, na pengine humdai mtu akubali kuonekana mjinga mbele ya watoto. Mimi niliingia Nakuru kwa mlango wa kwanza. Nikakaa humo miezi mitano, na ujinga wangu ukamwumiza mtoto asiye na hatia. Nakusimulia jambo hilo, si kwa kuwa lanipa sifa, bali kwa kuwa huenda likakuepusha na kosa kama langu.

Nilizaliwa pwani, nikasomea ualimu katika chuo cha Shanzu, Mombasa. Mwezi wa Januari mwaka 2019 nilipelekwa kufundisha Nakuru. Sikuwa nimepata kuishi katika mji uliokaa juu namna ile, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, wala sikuwa nimepata kuhitaji sweta mwezi wa Julai. Kaskazini ya mji umesimama Menengai, mlima wa volkano ambao kilele chake kiliporomoka zamani kikaacha shimo kubwa mno. Kusini limelala ziwa la magadi, maarufu kwa heroe wake wa rangi ya waridi. Katikati imepita reli, nayo ndiyo iliyouzaa mji huu. Ilifika Nakuru mwaka 1900, ikafika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Tangu hapo watu wa kila kabila wameingia kutafuta kazi, na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipandishwa cheo ikawa jiji la nne la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Hayo yote niliyafundisha darasani kwa sauti ya mtu anayejua. Lakini mji wangu mimi ulikuwa na upana wa njia moja tu. Nilipanga chumba katika mtaa wa Section 58, nikapanda matatu asubuhi mpaka kituo cha katikati ya mji, nikapanda nyingine mpaka shuleni upande wa magharibi, na jioni nikarudi kwa njia ile ile. Kulia na kushoto kwa njia yangu palikuwa giza.

Majina ya mitaa niliyapenda. Nakuru ni jina litokalo katika lugha ya Kimaasai, nalo lasemwa kuwa na maana ya mahali pa vumbi. Na ndani ya mji huo mna mtaa uitwao Kivumbini, kana kwamba Mmaasai na Mswahili walipita hapo siku moja, wakapenga pua, wakakubaliana. Kuna Bondeni, kuna Milimani. Kuna Kaptembwo, jina lenye asili ya Kikalenjin. Kuna Flamingo na Lake View, yaliyoitwa kwa Kiingereza. Kuna Ponda Mali na Shauri Yako, majina ambayo yaonekana kama maonyo. Kuna hata London, ambayo haina mto Thames wala mfalme. Niliyasikia majina hayo kama mtu asikiavyo majina ya nchi za mbali, nikayajaza kwa maneno ya wengine. Jirani yangu mmoja alinishauri nisikanyage Kaptembwo wala Rhonda jua likishachwa. Mwingine alinitajia mapigano ya Januari 2008, yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na kuugusa mji wa Nakuru kwa ukali. Akanichorea kwa kidole juu ya meza ni kabila gani lilikaa wapi. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita, lakini mistari ile ilikuwa bado hai katika kidole chake. Nami niliipokea, nikaitia akilini mwangu kama ramani ya serikali.

Sasa nikueleze habari za mtoto. Katika darasa la saba nililofundisha alikuwamo mvulana mmoja, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Kosa lake lilikuwa moja: alichelewa. Kengele ililia saa moja na nusu, naye alifika saa mbili kasorobo, pengine saa mbili, viatu vikiwa vimejaa tope. Nilimwuliza sababu; akainamisha kichwa. Nilichukua ukimya wake kuwa kiburi. Nikamsimamisha nje ya mlango mpaka kipindi cha kwanza kiishe, na siku nyingine nikampa ufagio afagie uwanja, wenzake wakisoma. Nilijiona mpole, maadamu sikumpiga.

Fauka ya hayo, kila Jumatatu nilikagua usafi. Wanafunzi wengi walikuwa na madoa ya rangi ya kahawia menoni, nami nikawahubiria juu ya mswaki na aibu ya uvivu. Siku moja nilimsimamisha mvulana yule mbele ya darasa, nikamwamuru afungue kinywa, nikasema, “Tazameni meno ya mtu asiyejipenda.” Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Mwezi wa Juni alitoweka. Siku ya kwanza sikuuliza, ya pili nikakasirika, na ilipotimia siku ya tisa nikaingiwa na hofu. Katika daftari la shule, mahali pa anwani, paliandikwa neno moja tu: Rhonda. Jumamosi nikafunga safari. Lazima nikiri kuwa niliacha saa yangu chumbani, nikatia fedha kidogo ndani ya soksi.

Nilidhani Rhonda ni kijiji cha nyumba hamsini, ambapo nitauliza mara moja tu nionyeshwe. Nikakuta mji ndani ya mji. Palikuwa na nyumba za mabati na nyumba za mawe, na safu za vyumba vya kupanga vimezunguka nyua ambamo nguo zilianikwa kama bendera. Palikuwa na makanisa, maduka, vinyozi, mafundi seremala, na wanawake waliokaanga samaki kando ya njia. Upande huo hupita mto Njoro, ushukao kutoka Mau kwenda ziwani. Ardhi ni ya majivu ya volkano, nyepesi. Wakati wa kiangazi huwa vumbi lifikalo kwenye kope, na wakati wa masika huwa tope livutalo kiatu mguuni.

Nikamwendea fundi wa viatu, nikamwuliza nyumba ya mtoto fulani. Akanitazama kwa huruma. “Mwalimu,” akasema, ingawa sikumwambia kazi yangu, “huku nyumba haitafutwi kwa nambari. Mtu hutafutwa kwa mtu. Nenda mpaka mashine ya kusaga unga, umwulize mama auzaye sukumawiki.” Nikaenda. Mama yule akanipeleka kwa mwuza maji mwenye mkokoteni. Mwuza maji akaniuliza, “Yule anayekaa na nyanya yake?” Sikujua. Nilikuwa nimemfundisha miezi mitano, nami sikujua anakaa na nani. Mwishowe msichana mdogo wa miaka kama minane aliacha kuruka kamba, akanitangulia kwenye vichochoro, akigeuka kila mara kutazama kama sijapotea. Watu wa mtaa nilioogopa walikuwa wamenipokezana kama barua, na hapana aliyetaka malipo.

Bibi kizee alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

“Shikamoo, nyanya,” nikasema.

“Marahaba,” akajibu, akacheka kidogo. “Wewe si mtu wa huku.”

“Mimi ni mtu wa pwani. Ni mwalimu wa mjukuu wako.”

Kicheko kikakoma. Akanipa kigoda, akaingia ndani kutia chai, na aliporudi akanieleza bila ya kulalamika. Zamani walikaa karibu na shule. Kodi ilipopanda mwezi wa Februari walihamia Rhonda, ambako chumba kilikuwa rahisi, lakini mtoto alikataa kuhamishwa shule. Maji ya bomba katika ua wao yalitoka siku mbili tu kwa juma. Siku nyingine mvulana aliamka saa kumi na moja alfajiri, akapanga foleni kisimani, akaleta mitungi miwili ya lita 20, maana miguu ya nyanya haikuweza tena. Baada ya hapo ndipo alipoanza kwenda shule, kwa miguu.

“Mbona hakuniambia?” nikauliza.

“Aliona haya. Na sasa anasema, asiyekuja haonwi na mtu, lakini anayechelewa huonwa na wote.”

Sikupata jibu. Punde mvulana akatokea, mtungi begani. Siku hizo alikuwa akiwachotea majirani maji kwa ujira. Aliponiona aliuweka mtungi chini taratibu. Hakukimbia, wala hakuamkia. Alisimama nje ya mlango, mikono nyuma, kama nilivyomzoeza. Msomaji, kwao ni pale, na mgeni nilikuwa mimi. Nikainuka, nikamwomba aingie katika nyumba yao.

Jumatatu nilipanda bodaboda kungali giza, nikafika Rhonda foleni ya maji ikiwa ndefu. Nilibeba mtungi mmoja, naye akabeba mmoja. Kisha tukatembea pamoja mpaka shuleni, nami nikahesabu dakika hamsini, na nilikuwa na miguu mirefu kuliko yake. Tulichelewa sote wawili.

Kuhusu meno, nilipata elimu yangu vile vile kwa kuuliza. Katika Bonde la Ufa maji mengi ya visima hupita katika miamba ya volkano, huyeyusha humo madini yaitwayo floridi. Kiasi kidogo husaidia meno; kikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya bonde hilo huupita. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa, na hapana mswaki uwezao kuyaondoa. Katika Nakuru hiyo hiyo Jimbo Katoliki limekuwa likiyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huishika floridi na kuyaacha maji salama. Jambo lililojulikana na watu wa mji mzima nilikuwa nimelifanya dhambi ya watoto.

Nilisimama mbele ya darasa nikakiri makosa yangu mawili, la kuchelewa na la meno. Mvulana alitazama dawati lake. Hakusema kuwa amenisamehe, nami sikustahili kumdai neno hilo. Mwalimu mkuu alikubali aingie saa mbili siku ambazo bomba limekauka, na muhula huo hakukosa tena hata siku moja.

Kisha nikawapa wanafunzi wote kazi: kila mmoja achore njia yake kutoka nyumbani mpaka shuleni. Nilipata ramani arobaini na sita, na kila moja ilinifunza. Mmoja alimchora mbwa wa jirani mkubwa kuliko kanisa. Msichana mmoja kutoka Ponda Mali alipaka mtaro rangi nyekundu, kwa kuwa mvua ikinyesha maji yake humfika kiunoni. Mwingine kutoka Kaptembwo alichora taa moja ya barabarani, akaandika chini yake: hapa namngoja mama. Jumamosi nyingi za mwaka ule nilizifuata ramani hizo, moja baada ya nyingine, na giza la kulia na kushoto kwa njia yangu likaanza kupungua.

Baadaye nikapata hamu ya kwenda mbali zaidi. Nilitembea Bondeni, Kivumbini na Kaloleni, nikaona nyumba za zamani zilizojengwa na baraza la mji wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nilipanda Hyrax Hill, kilima kilicho mashariki ya mji, ambapo Mary Leakey alichimba kuanzia mwaka 1937 akafukua makaburi na misingi ya nyumba za watu wa kale. Nikakaa juu ya jiwe, nikalitazama ziwa na mabati ya mji yakimetameta, nikawaza kuwa ujirani katika bonde hili ni jambo la maelfu ya miaka, na mimi nilikuwa nimekuja na ramani iliyochorwa kwa kidole juu ya meza.

Sisemi kuwa maonyo yote ni uongo. Katika Nakuru, kama katika kila mji, kuna vichochoro visivyofaa usiku, na wenyeji wa mitaa hiyo ndio wa kwanza kukuonya, kwa kuwa wao ndio huibiwa kwanza. Mwenye busara husikiliza. Lakini onyo lakufundisha saa ya kupita na njia ya kupita. Halikufundishi nani anakaa pale na anaamka saa ngapi.

Wewe unayesoma haya, huenda kesho ukawa mwalimu, mwuguzi, askari au karani katika mji usio wako, na watu wa mtaa usioujua watasimama mbele yako wakingoja uamuzi wako. Kabla hujaamua, uliza wametoka wapi. Na ikiwa miguu yako ina nguvu, nenda ukaone. Nenda mchana, nenda kwa adabu, amkia wazee, na ukipotea mwulize mtoto anayeruka kamba.