Kimo cha Baiskeli

Msomaji, mtu akitaka kushonewa suruali hapa Ekerenyo, fundi cherehani humsimamisha kwanza, akazungusha utepe kiunoni, akaushusha kando ya mguu mpaka kifundoni, kisha akaandika tarakimu katika daftari lake. Hapana mtu anayeona ajabu. Lakini mtu yule yule akienda kununua baiskeli, chombo kitakachobeba mifupa yake kila siku kwa miaka, hapimwi popote. Huulizwa ana fedha kiasi gani na anapenda rangi ipi. Nataka kukueleza kwa nini naliona jambo hili kuwa kinyume, maana huenda siku moja nawe ukatumwa sokoni na fedha ambazo nyumbani kwenu zilichukua mwaka mzima kupatikana.

Yakupasa kwanza ujue nchi yetu ilivyo. Ekerenyo ni kituo cha biashara katika Kaunti ya Nyamira, kwenye nyanda za juu za Wagusii, na njia za huku hazijui maana ya tambarare. Ukitoka dukani unateremka mpaka kijitoni. Ukivuka kijito unapanda mpaka migombani. Na ukifika migombani unaona bonde jingine mbele yako, lenye mashamba ya chai pande zote mbili. Mvua hutunyeshea sehemu kubwa ya mwaka, na udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Kwa hiyo baiskeli haikupata kutawala huku kama ilivyotawala Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako katika miaka ya 1960 vijana walianza kuvusha abiria kwa baiskeli, na kazi yao ikaitwa boda boda. Jina hilo sasa limehamia pikipiki. Tangu kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa mwaka 2008, vijana wengi wameziacha pedali. Hata hivyo baiskeli haijatoweka. Mchuuzi wa maziwa anayo, muuza mikate anayo, na wanafunzi wachache wa kutwa, ambao nauli ya kila siku hawaimudu, wanayo.

Baiskeli hizo si mpya. Aghalabu ni za kuundwa: fremu imetoka kwa moja, magurudumu kwa nyingine, usukani kwa ya tatu. Fundi hununua mitumba iliyotoka ng'ambo, pamoja na zile nyeusi za chuma ambazo Wakenya huziita Black Mamba. Huzifungua kiungo kwa kiungo, kama mchinjaji na ng'ombe wake, halafu akaunda nyingine kutokana na vilivyo vizima. Siidharau kazi hii hata kidogo. Mwenye macho akikaa saa moja kando ya fundi atajifunza mambo ambayo mimi hutumia juma zima kuyafundisha darasani. Atajua kwamba pedali ya kulia hukazwa kama parafujo nyingine, ilhali ya kushoto hukazwa kinyume, ili isijifungue kwa mwendo wa mguu. Atajua pia kwamba inchi huweza kudanganya. Kuna tairi mbili zote zimeandikwa 26, na moja haiingii katika rimu ya nyingine, kwa sababu kipenyo cha rimu ya kwanza ni milimita 559 na cha pili ni 590. Mwenye busara husoma ile namba ndogo ya milimita iliyo ubavuni mwa tairi.

Basi vyuma hupatanishwa na vyuma wenzao kwa uangalifu mkubwa. Anayesahauliwa ni mtu.

Mwaka juzi, baada ya bonasi ya majani chai kulipwa, mama mmoja jirani yangu alinijia. Binti yake alikuwa kidato cha pili, naye alitembea kilomita tano kuja shuleni na tano kurudi. Alikuwa akitoka nyumbani gizani na kurejea gizani, na alama zake zilikuwa zikishuka kila muhula, si kwa uvivu bali kwa usingizi. Mama alikuwa ameazimia kumnunulia baiskeli. Alikuwa amezifunga fedha ndani ya leso, nami nilijua kwamba leso hiyo ikifunguliwa haitajaa tena mpaka bonasi nyingine.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi vyombo hivi sivijui. Twende ukamtazamie mwanao."

Tulikuta baiskeli mbili zimeegemezwa ukutani kwa fundi, na bei zake zilikaribiana. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyeusi, imepakwa rangi upya, ina kengele, keria pana na taa ya dinamo. Fremu yake ilikuwa ya inchi 24, yaani sentimita 61 kutoka kwenye mhimili wa pedali hadi juu ya bomba la kiti. Ya pili ilikuwa fupi, rangi yake imebabuka, na bomba lake la juu limeinama. Fremu yake ilikuwa sentimita 46. Haikuwa na kengele. Binti hakuitazama mara mbili.

"Mama, chukua hii nyeusi," fundi akasema. "Chuma cha zamani hiki. Mtoto atakua, atakuta baiskeli inamngoja."

Msomaji, neno hilo "atakua" unalijua vizuri. Ndilo lililokununulia sweta ambayo mikono yake ilikufika vidoleni ulipoingia kidato cha kwanza, na viatu vilivyojazwa karatasi mbele. Wala wazazi hawakukosea. Mkono wa sweta hukunjwa, na karatasi hutolewa kiatuni kidogo kidogo. Lakini bomba la chuma halikunjwi. Katika baiskeli nzima unaweza kupandisha kiti, kusogeza usukani, kubadili gurudumu, mnyororo na pedali. Fremu peke yake itabaki kama ilivyozaliwa.

Nilimwomba mama ampime binti yake. Binti alivua viatu, akasimama wima, mgongo ukutani. Mama akachukua kitabu chenye jalada gumu, akakiweka katikati ya miguu ya binti, akakipandisha mpaka kikagota juu, kama kwamba binti amekikalia. Kisha akatia alama ya chaki ukutani. Kutoka sakafuni hadi alama ilikuwa sentimita 74. Hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote katika shughuli hii, kuliko hata kimo cha mtu, maana watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kupishana miguu.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walichapisha matokeo ya kuwapima waendeshaji wa baiskeli. Waliona kwamba nguvu hutoka vyema iwapo umbali kutoka kwenye pedali iliyo chini kabisa hadi juu ya kiti ni asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani. Zidisha 74 kwa 109, ugawanye kwa 100: utapata sentimita 81 hivi. Sasa tazama ile nyeusi. Bomba la kiti ni 61. Kiti chenyewe na springi zake, kikishushwa mpaka mwisho, kilikuwa 9. Mkono wa pedali ni 17. Jumla ni 87. Yaani kiti kilichoshushwa hata hakishuki tena kilikuwa bado juu kwa sentimita sita. Nilimwandikia binti hesabu hiyo mavumbini kwa kijiti, akaifuatisha mstari kwa mstari, na mwishoni akanyamaza.

Labda utasema sentimita sita ni kitu gani. Mwendeshaji aliyekalia kiti kirefu kupita kiasi hulazimika kuning'inia upande huu na upande huu ili vidole vya miguu viikute pedali. Nyonga husuguliwa, mgongo huuma, na akitaka kusimama ghafula hana mguu wa kufika ardhini. Pengine umewaona watoto wakiendesha baiskeli ya baba kwa kupenyeza mguu mmoja ndani ya fremu, chini ya bomba la juu, mwili umepinda kama ndoana. Uwanjani jambo hilo huchekesha. Kwenye mteremko wenye kijito chini yake halichekeshi. Kiti kifupi nacho kina adhabu yake: goti hukunjwa mno kila mzunguko, na baada ya majuma machache huanza kuuma kwa mbele. Kwa hiyo wataalamu wa siku hizi hupenda kutazama goti lenyewe. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kwa digrii kama 25 hadi 35. Usipokuwa na chombo cha kupimia pembe, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini; mguu ukinyooka sawasawa bila nyonga kuinama, kiti kipo karibu na mahali pake. Kisha endesha kwa mbele ya unyayo, na goti litakunjika lenyewe kiasi kinachotakiwa.

Fundi hakukasirika. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza jambo alilokuwa akilijua mikononi bila kuliwekea maneno, akaiondoa ile ndefu na kuisogeza fupi mbele yetu. Lakini nayo ilikuwa na kasoro zake, na kasoro hizi ndizo utakazozikuta mara nyingi katika baiskeli za kuundwa. Nguzo ya kiti ilikuwa nyembamba kuliko bomba lake, ikawa imezungushiwa bati la mkebe ili ikaze. Nguzo ya namna hiyo huteremka nywele kwa nywele kila unaporuka shimo. Unaanza juma na kiti cha kimo chako, unalimaliza umechuchumaa. Tukaomba nyingine. Fundi akachakura sandukuni mpaka akapata iliyoingia kwa kubana bila bati.

Mikono ya pedali ilikuwa jambo la pili. Niliipima kwa rula kutoka tundu hadi tundu: wa kulia milimita 170, wa kushoto 165.

"Nusu sentimita, Mwalimu?" fundi akauliza, na safari hii alitabasamu.

Tukahesabu tena. Baiskeli ile ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, hivyo kila mzunguko wa pedali uliisogeza kama mita 5. Kilomita tano ni mizunguko 1,000. Kwenda na kurudi 2,000, kama njia ingekuwa tambarare. Mara 2,000 kwa siku mguu mmoja unaenda mbali kuliko ndugu yake. Mkono wa kushoto ukabadilishwa.

Baada ya hapo yaliyosalia yalikuwa mepesi. Mafundi wengi hupima umbali wa usukani kwa kuweka kiwiko kwenye ncha ya kiti na kunyoosha vidole mbele. Mimi siiamini sana kanuni hiyo, kwani hupima mkono na kukisahau kiwiliwili. Ni heri mtu apande, aende mpaka kona na kurudi, ndipo utazame kama viwiko vimelegea kidogo au uzito wote umelalia viganja. Binti alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza usukani ulikuwa mbali. Ukainuliwa, na kiti kikasogezwa mbele kwa upana wa kidole.

Breki sikuzifanyia mzaha. Vidole vyake vilikuwa vifupi, navyo vilizifikia shikio kwa ncha tu, hata tukazirudisha karibu na usukani mpaka akaweza kuzivuta bila kuachia mshiko. Rimu zilikuwa za alumini. Nilifurahi, maana rimu ya chuma ikilowa breki huiteleza tu, na baiskeli husimama baada ya kupita pale ulipotaka isimame.

Mama akaifungua leso. Kengele hatukuipata siku ile.

Ile nyeusi ilinunuliwa siku chache baadaye na mchuuzi wa maziwa, mtu mrefu kama mlingoti. Nimemwona mara nyingi akipanda kilima amekaa wima, miguu inazunguka bila haraka, madebe hayatikisiki, na nimewaza kwamba hapana baiskeli nzuri kuliko ile katika Ekerenyo yote.

Binti yuko kidato cha nne sasa. Katika nguzo ya kiti pana mstari uliochongwa ambao lazima ubaki umefichika ndani ya bomba, kwani ukionekana, nguzo haina tena kina cha kutosha na yaweza kuvunjika au kupasua fremu. Kiti kimepandishwa mara mbili tangu siku ile. Juma lililopita aliniletea rula yeye mwenyewe: zimebaki sentimita nne kabla mstari haujatokea, na mdogo wake ameshapimwa ukutani.