Karatasi Juu ya Karatasi

Picha ya arusi yetu ilipigwa mwaka 1976, nyeusi na nyeupe. Ilikunjwa mara moja tu katika maisha yake, lakini mkunjo wenyewe ulipita usoni mwa marehemu mke wangu, kuanzia jicho la kushoto, ukakata mdomo, hadi kidevuni. Baada ya kumzika nilijiapia kuuondoa kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa nina miaka sabini na sita na kompyuta niliizoea baada ya kustaafu.

Mjukuu wangu aliiingiza picha kwenye kompyuta kwa skana, akaniwekea programu ya bure iitwayo GIMP, akaenda zake shuleni. Mimi, kwa kiburi cha mwalimu mkuu, sikungoja somo. Nilishika brashi nikapaka juu ya picha yenyewe, nikahifadhi, nikafunga. Kesho yake nilipofungua, mke wangu alikuwa na shavu la sanamu ya udongo, na njia ya kurudi nyuma haikuwapo.

"Babu, hukufungua leya?" aliniuliza aliporudi.

Leya, yaani tabaka. Alinieleza, nami sikuelewa mpaka nilipokumbuka chuo cha ualimu. Mwaka 1971 mkufunzi wetu wa jiografia alitufundisha kuchora ramani ya nchi kwenye karatasi nene, kisha mito kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, na reli kwenye nyingine, zote zikilazwa juu ya ile ya kwanza. Reli ya TAZARA ilipokamilika mwaka 1975, mimi nilichora upya karatasi ya reli tu. Rufiji na Pangani hazikuguswa. Kumbe jambo lenyewe nilikuwa nalo miaka hamsini!

Tukaanza upya. Picha ikabaki chini, tabaka tupu likawekwa juu yake. Kifaa chenye alama ya mhuri huchukua ngozi safi ya jirani na kuibandika penye kasoro. Hapo nilikwama jioni nzima, maana mhuri wangu haukutoa kitu. Ulikuwa unachota kutoka lile tabaka tupu! Kuna kisanduku kidogo cha kuweka alama ili uchote kutoka matabaka yote yanayoonekana. Bila hicho utagonga mhuri mpaka uchoke. Pia kila tabaka lina alama ya jicho pembeni. Ukilifumba, marekebisho yote hutoweka, mkunjo ukarudi.

Kazi ilinichukua wiki tatu. Nilimwita binti yangu aione. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba, huyu si mama."

Nilikasirika. Nikafumba lile jicho, nikasogeza uso karibu na kioo. Katikati ya meno ya juu, kando kidogo tu ya mkunjo, palikuwa na kistari cheusi. Mwanya wake. Mwanya ulionifanya nimfuate kutoka dukani hadi kwao, nami nimeuziba kama ufa wa ukuta.

Nikafumbua jicho, nikachukua kifutio, nikafuta kwenye tabaka la juu mahali padogo kama punje ya mchele. Binti yangu akatoka nje bila kusema neno.

Picha ya sebuleni tuliichapa kutoka faili la JPEG, ambalo hubana matabaka yote kuwa moja. Lile la XCF, lenye matabaka yake, mjukuu amelinakili kwenye flashi na kulificha. Anasema haniamini.