Mstari wa p53

Katika miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi kwenye maabara ya utafiti wa saratani Uingereza, na siku hizo kila mtu aliulizia DO-1. Hiyo ni kingamwili ya kuitafuta p53 ya binadamu, protini inayojaa ndani ya seli pindi DNA inapoharibika. David Lane, mmoja wa walioigundua p53 mwaka 1979, alikuwa amehamia Dundee, Scotland, na ni yeye, Bořivoj Vojtěšek na wenzao walioieleza DO-1 mwaka 1992. Ilitengenezwa kwa seli za panya, lakini p53 ya panya haiigusi.

Tulizipiga mionzi seli za saratani ya matiti, MCF-7, tukazipa saa chache, kisha tukazivunja. Umeme ulizisukuma protini zake ndani ya jeli, nasi tukazihamishia kwenye utando mweupe. Utando tuliuloweka katika maziwa ya unga yasiyo na mafuta ili kingamwili isinate ovyo, ndipo DO-1 ikalala nao usiku kucha kwenye chumba cha baridi. Kesho yake tuliingia chumba cha giza na filamu ya eksirei.

Jinsi nilivyoipenda taa ile nyekundu! Seli zisizopigwa mionzi zilitoa kivuli hafifu, kwani protini iitwayo MDM2 huifanya p53 ivunjwe muda mfupi tu baada ya kuundwa. Zilizopigwa zilitoa mstari mweusi, mzito: kimeng'enya cha ATM kilikuwa kimehisi DNA iliyokatika, na p53 ikaachwa iishi.

Mwalimu wangu hakuutazama mstari huo. "Tuone Saos kwanza," alisema kila mara. Saos-2 ni seli za saratani ya mfupa zisizo na p53 kabisa. Safu yake ikionyesha chochote pale p53 inapokaa, filamu nzima ilitupwa. Ukali huo ninaushukuru hadi leo.

Kilichonishangaza zaidi ni T-47D, nazo za saratani ya matiti. Mstari wake ulikuwa mweusi hata kabla ya mionzi. p53 yake ina kasoro, haivunjwi ipasavyo, inarundikana. Na DO-1 huishika vilevile. Kwa hiyo tukaanza kupima pia p21, protini ambayo p53 nzima huiamrisha seli iiunde. Katika MCF-7 ilipanda baada ya mionzi. Katika T-47D haikupanda.