Ukuta wa Kozi Kumi, na Bado Tunakuona: Mambo ya Fensi Kwetu Vuga

Leo tuwape mastaa likizo kidogo na ndoa zao, tuongelee kitu kinachogombanisha watu mtaani kuliko hata mapenzi. Fensi. Ndiyo, ukuta! Nani kajenga, kapandisha kozi ngapi, na anaficha nini humo ndani.

Mjini tumeshazoea. Ukipita Mbezi au Goba kuna mitaa huoni nyumba, unaona mageti tu. Juu ya ukuta vipande vya chupa, kwingine nyaya za umeme. Hakuna anayeshangaa, maana wezi wapo na kila mtu analinda chake.

Ila mimi kwetu ni Vuga, Usambara. Ukifika Soni bado unapanda. Na huku milimani ukuta una mambo yake ambayo fundi wa Dar hawezi kukwambia.

Kwanza kabisa, hakuna tambarare. Nyumba zimepangana kwenye mteremko kama watu kwenye jukwaa la uwanja wa mpira. Ua wa jirani yako wa juu uko usawa wa paa lako. Akikaa kwenye kigoda chake anamenya viazi, anaona sufuria yako, kamba yako ya nguo na kuku wako wote. Wala hakuchunguzi, macho yake hayana pa kwenda pengine.

Pili, fensi ya huku kiasili haikuzuii kuona. Watu wanapigilia mabanzi yanayotoka kwenye mashine za mbao, wengine wanapanda majani ya tembo au migomba. Kwenye mpaka wa shamba wanapanda masale. Sale ni mmea tu, mtoto anauruka, lakini thubutu kuung'oa uone. Utaitiwa wazee kabla jua halijazama. Yaani mpaka upo na unaheshimiwa, ila mtu akipita anakuona, anakusalimia "Onga makeo", anaendelea na safari yake.

Sasa sikieni kisa. Jina sitaji na msinibanie kwenye komenti.

Kuna kaka mmoja wa huku kwetu anafanya vichekesho mtandaoni. Anaishi Dar, klipu zake wengi wenu mmezicheka. Mambo yalipomnyookea akamjengea mama yake nyumba nzuri, bati la rangi, vioo, kila kitu. Kijiji kizima tulifurahi. Baada ya muda, dogo mmoja akamrekodi yule mama kwa simu akiwa anatoka bafuni, bafu la mabanzi la nje, kajifunga khanga moja. Klipu ikaruka kwenye magrupu ya WhatsApp na kichwa cha habari "mama wa staa". Ndani ya siku mbili ilikuwa imefika mpaka Tanga mjini.

Mama akaacha kutoka. Maharage yake akawa anayaanika chumbani, dirisha wazi. Kikoba hakuenda wiki tatu, hela yake anaituma kwa mtoto wa jirani. Mwanamke aliyezoea kuitwa kwenye kila msiba kwenda kupika, sasa anaogopa uani kwake mwenyewe.

Kwa hiyo kaka alipokuja na lori la tofali za bloku, mimi nilimwelewa. Hata Katiba ya nchi, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Mama mzazi kudhalilishwa siyo jambo la kunyamazia.

Akapandisha kozi kumi, pande zote nne. Bloku moja na udongo wake hesabu kama robo mita, kwa hiyo hapo ni mita mbili na nusu. Geti jeusi, limefungwa muda wote.

Balaa likaanza. Ukuta ulikata kinjia ambacho watu wa chini wanapita na ndoo kwenda bombani. Kinjia hicho hakipo kwenye karatasi yoyote, lakini kila mtu aliyezaliwa pale amekipita. Mzee mmoja akamfuata akamwambia, "Mghoshi, hii njia babu yako ndiye alituachia." Jibu likawa, "Mzee wangu shikamoo, lakini hiki kiwanja ni changu."

Halafu mvua za masika zikafika. Wadau, mkijenga ukuta kwenye mteremko muelewe kitu kimoja: maji ya mlimani hayajui geti. Ukiyazibia njia yanajikusanya nyuma ya ukuta, yanautia uzito, na yakikosa matundu ya kutokea yanatafuta kona. Pale yalipata kona ya chini, yakaenda moja kwa moja kwenye jiko la bibi anayeishi peke yake. Asubuhi tulimkuta kasimama mlangoni, mafiga yamezama kwenye maji na kuni zote zimelowa. Na ule ukuta ulishaanza kutoa ufa. Ungelala siku ile, ungelala juu ya nyumba yake.

Suala likaanzia kwa balozi, likaishia Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa wasiojua, hilo limewekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha, siyo kumfunga mtu. Watu wanaliponda kwamba ni la wazee wa kunywa chai, mimi nawaambia siku ile lilifanya kazi.

Wanaume walibishana mipaka karibu saa nzima. Ndipo mjumbe mmoja mwanamke akauliza swali ambalo wote hatukuwa tumeliuliza: ile klipu ilipigwa kutokea wapi?

Kimya. Watu wakapanda kwenda kuangalia. Ilipigwa kwenye kona ya barabara, juu kabisa, pale bodaboda wanaposubiri abiria. Tukasimama hapo tukatazama chini. Geti tunaliona, ukuta tunauona, na ndani ya ukuta tunaona bafu, kamba ya nguo, mpaka ndoo ya rangi gani. Mamilioni ya hela yamekaa pale na kilichofichwa ni kimoja tu: mama hawaoni majirani zake. Sisi huku juu tunamwona kama kawaida.

Yule kaka alikaa kimya muda mrefu. Nadhani ilimuuma kuliko maneno yote ya mkutanoni.

Makubaliano yakawa hivi. Upande wa kinjia, ukuta urudishwe ndani kiasi cha mtu kupita na ndoo kichwani, na ushushwe mpaka kozi tano. Upande wa chini utobolewe matundu, yawekwe mabomba ya kupeleka maji kwenye mfereji mpaka korongoni. Jiko la bibi atalitengeneza yeye. Bafu likahamishiwa nyuma ya nyumba na kupigwa bati juu. Bafu kuezekwa! Kitu cha siku moja, bati chache na misumari, ndicho kingemwokoa mama tangu mwanzo. Na dogo wa klipu aliletwa na baba yake, akamwomba mama msamaha mbele ya watu, vijana wa kijiweni wakapatana kwamba hakuna kurekodi ua wa mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza. Wazee wetu walijua kujitenga, msidhani walikuwa wanaishi kama kuku. Vuga hii ilikuwa mji wa mfalme. Mwaka 1857 wazungu wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda mpaka huku kumwona Kimweri ye Nyumbai. Walimwona, lakini kulala walilazwa nje ya mji, kwa sababu mgeni haruhusiwi tu kujiingilia ndani. Watu wa pwani nao wana akili yao: baraza iko nje kwa ajili ya wageni na stori, ua uko ndani kwa ajili ya familia. Mgeni anajua miguu yake inaishia wapi.

Na sisi wote, bara na pwani, tuna kitu kinaitwa hodi. Unasimama mbali, unapiga hodi mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka. Nyumba inaweza isiwe hata na mlango, pazia tu, na mtu mzima na ndevu zake hawezi kuvuka pazia hilo bila kuambiwa karibu. Hiyo ndiyo fensi tuliyokuwa nayo miaka yote.

Simu ndiyo haipigi hodi. Inaingia kwa mtu kutokea barabarani, na ikitoka inatoka na picha yako. Halafu angalia vituko: kuna mastaa wa mjini wana ukuta huwezi kurusha jiwe likapita, lakini asubuhi wanatuonyesha kitanda, mchana friji, usiku ugomvi na mchumba, laivu kabisa. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta hajui hata jina la mtoto wake, mimi niko Vuga najua mtoto anaumwa meno. Huyo kaamua kufungua mwenyewe, sawa, na kiki ni biashara. Yule mama wa kwetu hakuuliza mtu amfungulie.

Sisemi watu wasijenge. Kama una wezi, jenga. Kama una watoto wadogo na barabara iko mlangoni, jenga. Ila kabla hujaita fundi, panda juu, shuka chini, simama kwa jirani uangalie kwako panaonekanaje, na uulize maji yanapita wapi mvua ikija. Na ongea naye kabla ya tofali ya kwanza, siyo baada ya ya mwisho. Huku kwetu moto ukiwaka usiku, zimamoto ni huyo huyo jirani na ndoo yake, na ataingilia wapi kama geti limefungwa?

Mwisho wa kisa siwadanganyi kwamba kila kitu kimekuwa asali. Kaka na bibi wa chini wanasalimiana, basi. Mama karudi kwenye kikoba na maharage anayaanika nje, ila khanga zake mpaka leo anazianika ndani. Klipu ilifutwa kwenye magrupu tunayoyajua. Tusiyoyajua, hatuyajui.

Haya wadau, uwanja wenu. Kwenu fensi ni ya nini, mabanzi, michongoma au bloku? Na jirani yako ukimwita saa nane usiku, atakusikia? Tukutane kwenye komenti, matusi hapana, na picha za watu msiniwekee.